Kikao cha mpango wa elimu ya mtoto mwenye mahitaji maalumu: Mambo ambayo mzazi anapaswa kuyajua

Na Mwandishi Wetu

WAZAZI wengi nchini wamezoea kuitwa shuleni kwa mambo mawili: michango au utovu wa nidhamu wa mtoto. Ndiyo maana mzazi wa mtoto mwenye ulemavu anapopata wito wa kwenda kuzungumzia mpango wa elimu ya mwanawe, mara nyingi huenda akiwa na hofu, huketi pembeni, huitikia "sawa mwalimu" kwa kila linalosemwa na kurudi nyumbani bila karatasi yoyote mkononi.

Mazungumzo hayo, ambayo huenda yasifike hata saa moja, ndiyo yanayoweza kuamua mtoto asome wapi, afundishwe kwa njia gani, apatiwe vifaa gani na apimwe vipi kwa mwaka mzima unaofuata.

Kwa mzazi anayeishi Ngulyati, kata iliyo katika Halmashauri ya Wilaya ya Bariadi mkoani Simiyu, uamuzi huo una uzito wa pekee. Kumpeleka mtoto shule ya bweni ni kutengana naye kwa miezi. Kumwacha katika shule ya kijiji bila mpango wowote kunaweza kuwa sawa na kumkalisha darasani miaka yote ya elimu ya msingi bila kujua kusoma. Kumrudisha nyumbani ni kumnyima haki yake.

Mwalimu anaijua kazi ya kufundisha na daktari anaujua ugonjwa, lakini mtoto mwenyewe anajulikana zaidi na aliyemlea. Taarifa za mzazi zikikosekana mezani, mpango huandikwa kwa kubahatisha. Kwa sababu hiyo mzazi haendi kikaoni kama mwombaji wala mgeni. Anakwenda kama mmoja wa wenye kikao.

Kikao hiki ni nini?

Ni mkutano wa watu wanaomhusu mtoto, wenye lengo la kukubaliana na kuandika namna atakavyofundishwa kulingana na hali yake. Walimu wa elimu maalumu huuita waraka unaotokana na kikao hicho Mpango wa Elimu Binafsi, yaani mpango ulioandikwa kwa ajili ya mwanafunzi mmoja na si kwa darasa zima.

Wahusika wake kwa kawaida ni mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu, mwalimu wa elimu maalumu pale alipo, mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe ikiwa umri na hali yake vinaruhusu. Inapowezekana, huongezwa ofisa wa elimu maalumu wa halmashauri, ofisa ustawi wa jamii au mtaalamu wa afya.

Utaratibu wa kuandika mpango wa namna hiyo ulipata nguvu ya sheria nchini Marekani. Novemba 29, 1975, Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu, iliyotaka kila mtoto wa aina hiyo aandikiwe mpango wake, na mzazi awe miongoni mwa wanaouandaa. Kabla ya hapo shule nyingi za nchi hiyo ziliweza kumkataa mtoto mwenye ulemavu bila kuulizwa.

Juni 1994, wawakilishi wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa walikutana Salamanca, Hispania, wakatoa tamko lililozitaka shule za kawaida ziwapokee watoto wote bila kujali hali zao za kimwili au kiakili. Tamko hilo ndilo lililoeneza duniani fikra ya elimu jumuishi.

Katika Afrika Mashariki, Kenya ilianzisha vituo vya upimaji wa kielimu mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, ili mtoto achunguzwe kabla ya kupangiwa shule. Tanzania nayo imekuwa ikiweka vituo vya upimaji katika halmashauri mbalimbali.

Hata hivyo, kikao chenyewe hapa nchini hakijabanwa na utaratibu mmoja mgumu kama ule wa Marekani. Katika shule moja kinaweza kuwa mkutano rasmi wenye fomu na sahihi. Katika nyingine kikawa mazungumzo ya mzazi na mwalimu chini ya mwembe. Hali hiyo inaongeza umuhimu wa maandalizi ya mzazi, kwa kuwa pasipo fomu, kisichotajwa na mtu hakiandikwi.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inatamka kuwa watu wenye ulemavu wa rika na jinsia zote wana haki sawa na raia wengine ya kupata elimu na mafunzo katika mazingira jumuishi.

Kifungu hicho kinataka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, iwe ya umma au binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Kinataka pia apatiwe huduma saidizi za kujifunzia kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au mwalimu aliyepangiwa kazi hiyo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza ubaguzi dhidi ya mtoto, ukiwamo ule unaotokana na ulemavu. Mwaka huohuo wa 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 24 inahusu elimu.

Aidha, tangu Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za umma kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Mzazi hapaswi kuingia kikaoni akidhani kuwa ameitwa kwa sababu anadaiwa, wala kukubali mtoto aachwe nyuma kwa hoja hiyo.

Haki hizi si za watu wachache. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya wakazi wenye umri wa miaka saba na kuendelea.

Aanzie wapi mzazi wa Ngulyati?

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, una halmashauri mbili zenye jina la Bariadi: ya wilaya na ya mji. Ngulyati iko katika halmashauri ya wilaya. Jambo hili linaonekana dogo, lakini mzazi anayekwenda kupanga foleni katika ofisi za halmashauri ya mji atapoteza siku na nauli, kisha ataelekezwa kwingine.

Hatua ya kwanza ni kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu, hata kama mtoto bado hajaandikishwa. Mzazi aeleze hali ya mtoto na aombe tarehe ya kikao. Mtoto asisubiri hadi apone au ajue kuzungumza vizuri ndipo aandikishwe.

Hatua ya pili ni kwa Ofisa Elimu Kata, ambaye ndiye kiungo kati ya shule na halmashauri. Kupitia kwake mzazi anaweza kumfikia ofisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri, ambaye anazijua shule zenye vitengo vya elimu maalumu na zenye nafasi.

Hatua ya tatu, pale penye matatizo ya kifamilia, umaskini uliokithiri au hofu ya usalama wa mtoto, ni kwa ofisa ustawi wa jamii. Sheria ya mwaka 2010 iliweka pia kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji au mtaa hadi mkoa. Mzazi aulize ofisi ya kijiji kama kamati hiyo ipo na nani wajumbe wake.

Maandalizi kabla ya siku ya kikao

1. Uchunguzi wa afya. Watoto wengi wanaoitwa wazito wa kuelewa wana tatizo la kusikia au kuona ambalo halijawahi kupimwa. Malaria kali na homa ya uti wa mgongo, kwa mfano, vinaweza kumwachia mtoto uziwi au kifafa. Mzazi aanzie kituo cha afya kilicho karibu na aombe barua ya rufaa pale inapohitajika kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu mjini Bariadi au Hospitali ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza. Kadi ya kliniki, vyeti na majibu yote viwekwe katika bahasha moja, na nakala zitolewe. Nakala halisi isiachwe shuleni.

2. Daftari la wiki mbili. Kwa siku 14 kabla ya kikao, mzazi aandike kila siku mambo machache: mtoto amefanya nini bila kusaidiwa, ameshindwa nini, nini kimemfurahisha, nini kimemtisha au kumkasirisha, amelala na kula vipi, na kama ameanguka kifafa, saa ngapi na kwa muda gani. Mzazi asiyejua kuandika amtumie mtoto mwingine wa nyumbani. Daftari hilo lina nguvu kuliko maneno "anasumbua sana" au "anajitahidi".

3. Anachokiweza mtoto. Vikao vingi hujaa orodha ya mapungufu. Mtoto anayejua kuhesabu mbuzi wanaporudi jioni na kugundua kuwa mmoja amepungua tayari ana msingi wa hesabu. Anayetumwa dukani akarudi na chenji sahihi anaijua kutoa. Anayekumbuka nyimbo nzima anazozisikia ana kumbukumbu ya kusikia ambayo mwalimu anaweza kuitumia kumfundisha kusoma. Mambo kama hayo hayaonekani darasani, na mzazi asipoyasema hakuna atakayeyajua.

4. Lugha ya nyumbani. Hili ni muhimu mno katika maeneo ya Wasukuma. Mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma anajua vema minzi ni nini, lakini anaweza kunyamaza akiulizwa kuhusu maji. Akipimwa kwa Kiswahili peke yake, ukimya wake unaweza kuandikwa kuwa ni upungufu wa akili. Mzazi aseme tangu mwanzo mtoto anaelewa lugha gani na anaizungumza kwa kiwango gani, na aombe upimaji ufanyike kwa lugha hiyo au mbele ya mtu atakayemtafsiria. Kwa mtoto kiziwi, aeleze ishara zinazotumika nyumbani, kwa kuwa ishara hizo si lazima zifanane na Lugha ya Alama ya Tanzania.

5. Siku na msindikizaji. Shule hufunguliwa Januari, wakati ambao familia nyingi za Simiyu ziko shambani zikipalilia pamba. Mzazi anayeona kuwa tarehe iliyopangwa haiwezekani aombe nyingine mapema badala ya kukosa kufika, kwa sababu kutofika hutafsiriwa kuwa ni kutojali. Ni vema baba na mama wahudhurie wote wawili. Ikishindikana, aandamane na bibi, mjomba, jirani au mjumbe wa chama cha watu wenye ulemavu, mmoja azungumze na mwingine asikilize na kuandika.

6. Sauti ya mtoto. Mtoto aulizwe kabla: anapenda nini shuleni, anaogopa nini, nani anamsaidia, nani anamcheka. Jibu lake linaweza kufichua kuwa tatizo si somo bali ni choo asichoweza kuingia na kiti chake, au wenzake wanaomtupia mawe njiani.

Maswali ya kuuliza ndani ya kikao

Mzazi hahitaji kujua istilahi za wataalamu. Akisikia neno asilolielewa, aombe lifafanuliwe kwa maneno ya kawaida, kwa Kiswahili au Kisukuma. Maswali yafuatayo yanatosha kukiongoza kikao:

- Kwa sasa mtoto wangu yuko kiwango gani katika kusoma, kuandika, kuhesabu na kujihudumia, na mmekijuaje?

- Mwishoni mwa muhula anatarajiwa awe anaweza kufanya nini ambacho leo hakiwezi?

- Nani atamfundisha hicho, siku zipi na kwa muda gani?

- Anahitaji kifaa gani, nani atakitafuta, na kitakapochelewa tutatumia nini?

- Tutajuaje kama anaendelea, na tutakutana tena lini?

- Sisi nyumbani tufanye nini?

Swali la mwisho lina uzito sawa na mengine. Darasa lenye wanafunzi wengi haliwezi kumpa mtoto mmoja muda wote anaouhitaji. Robo saa ya kila jioni nyumbani, ikifuata jambo lilelile analolifundisha mwalimu, huziba sehemu ya pengo hilo.

Lengo linaloeleweka na lisiloeleweka

Mipango mingi hufa kwa sababu ya namna ilivyoandikwa. Sentensi kama "mtoto atasaidiwa ili aboreke katika kusoma" haimbani mtu yeyote. Haisemi nani, lini, wala kuboreka ni kufika wapi.

Lengo linaloeleweka huandikwa hivi: "Hadi mwisho wa Juni, mtoto atasoma silabi 20 zilizoandikwa kwa maandishi makubwa bila kusaidiwa. Mwalimu wa darasa atampima kila Ijumaa. Mama atarudia naye silabi tano kila jioni." Hapo pana jambo la kufanya, jina la mfanyaji, tarehe na kipimo. Malengo matatu au manne ya namna hiyo kwa muhula mmoja yanatosha. Orodha ya malengo 15 huishia kabatini.

Malengo yasihusu kusoma na kuandika pekee. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji, kujifunza kwenda choo mwenyewe, kuvaa sare, kuomba maji au kungoja zamu ni elimu kamili, tena ndiyo itakayomwezesha kuishi na wenzake.

Mahitaji hutofautiana

Mtoto mwenye uoni hafifu huhitaji kuketi mbele, maandishi makubwa na ubao usiong'aa. Asiyeona huhitaji kufundishwa nukta nundu, kupatiwa karatasi na mashine yake, pamoja na fimbo nyeupe.

Mtoto mwenye ualbino huhitaji yote ya uoni hafifu, na juu ya hayo kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kujikinga na mionzi ya jua, na kutopangiwa kazi za shamba la shule wakati wa jua kali. Katika Kanda ya Ziwa, ambako mauaji ya watu wenye ualbino yalilitikisa taifa kuanzia mwaka 2006, mpango wake ni lazima useme pia atakwenda na kurudi shuleni na nani.

Mtoto kiziwi huhitaji mwalimu anayejua lugha ya alama na wenzake wa kuzungumza nao kwa lugha hiyo. Mwenye usikivu hafifu anaweza kufaidika na shimesikio, lakini mpango useme nani atanunua betri zikiisha. Mwalimu azungumze akimtazama, asizungumze akiuelekea ubao.

Mtoto mwenye ulemavu wa viungo au utindio wa ubongo huhitaji njia inayopitika, choo kinachoingilika, kiti na meza vya kimo chake, na muda zaidi wa kuandika. Kutozungumza vizuri si ushahidi kwamba haelewi.

Kwa mtoto mwenye kifafa, walimu wote wajue dawa anazotumia na la kufanya anapoanguka: kumlaza ubavu, kuondoa vitu vya hatari karibu yake, kutomtia chochote mdomoni na kungoja hadi atulie. Degedege likizidi dakika tano, apelekwe kituo cha afya haraka.

Shule ya kijiji, kitengo au bweni?

Dhana kwamba mtoto mwenye ulemavu ni wa kupelekwa mbali ina historia yake. Shule za mwanzo za aina hiyo nchini zilianzishwa na makanisa zikiwa za bweni, ikiwamo shule ya wasioona ya Buigiri mkoani Dodoma, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, na ya viziwi ya Tabora iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Kwa miaka mingi hapakuwa na njia nyingine.

Leo zipo njia tatu: kusoma darasa la kawaida kwa msaada, kusoma katika kitengo cha elimu maalumu kilicho ndani ya shule ya kawaida, au kusoma shule maalumu ya bweni. Hakuna iliyo bora kwa kila mtoto. Mtoto kiziwi anayeishi kijiji kisicho na mtu hata mmoja anayejua lugha ya alama anaweza kupata lugha kwa mara ya kwanza bwenini. Mtoto mwenye ulemavu wa viungo anayeelewa vizuri masomo huenda hana sababu yoyote ya kuondoka nyumbani.

Bweni linapopendekezwa, mzazi aombe kwanza kulitembelea. Aulize watoto wangapi wanalala chumba kimoja, nani analala karibu nao usiku, milango hufungwaje, na watatokaje moto ukitokea. Swali hilo la mwisho si la kufikirika. Novemba 2022 moto uliteketeza bweni katika Shule ya Msingi Buhangija mkoani Shinyanga, mkoa jirani, na wanafunzi watatu wa kike wakapoteza maisha.

Aulize pia mzazi atapataje taarifa mtoto akiugua na likizo mtoto atarudije. Kisha mpango wenyewe useme kuwa mtoto atarudi nyumbani kila likizo. Baada ya mauaji yale, baadhi ya watoto wenye ualbino waliohifadhiwa katika shule za Kanda ya Ziwa walikaa miaka bila kutembelewa na jamaa zao. Mpango wa elimu usigeuke njia ya mtoto kusahauliwa na ukoo wake.

Mitihani ya taifa

Suala hili husahaulika hadi mtoto anapofika darasa la mtihani, wakati ambapo huwa limechelewa. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa mitihani ya nukta nundu kwa wasioona na ya maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu. Kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, mwongozo wa baraza umekuwa ukitoa muda wa nyongeza wa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine.

Huduma hizo humfikia mtoto ambaye hali yake ilitajwa na shule wakati wa usajili. Mzazi ahakikishe kikaoni kuwa aina ya ulemavu wa mtoto imeandikwa sawasawa katika kumbukumbu za shule, kwa kuwa mtoto mwenye uoni hafifu asiyetajwa atawekewa mbele yake karatasi ya maandishi madogo kama wenzake.

Baada ya kikao

Kabla ya kuondoka, mzazi aombe yaliyokubaliwa yasomwe kwa sauti, yatiwe sahihi na apewe nakala. Kama nakala haipatikani siku hiyo, ayaandike kwenye daftari lake na kumwomba mwalimu atie sahihi. Wenye simu wanaweza kuupiga picha ukurasa huo.

Asitie sahihi jambo asilokubaliana nalo kwa sababu ya aibu au haraka. Ana haki ya kusema kuwa anahitaji kwenda kushauriana na wa nyumbani na kurudi baada ya siku chache.

Mpango urejewe angalau kila muhula. Mtoto akihamia darasa jingine au mwalimu akihamishwa, jambo ambalo hutokea mara kwa mara katika shule za vijijini, mzazi ampelekee mwalimu mpya nakala yake katika wiki ya kwanza bila kungoja kuitwa.

Yaliyokubaliwa yasipotekelezwa, aanze kwa mwalimu mkuu kwa maneno ya staha. Asiporidhika, apande kwa Ofisa Elimu Kata, kisha kwa ofisa elimu wa halmashauri na Mkurugenzi Mtendaji, safari hii kwa barua yenye tarehe na nakala ya mpango. Vyama kama Chama cha Viziwi Tanzania, Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania na shirikisho lao, SHIVYAWATA, vinaweza kumwelekeza. Pale penye ubaguzi wa wazi, kama vile mtoto kukataliwa kuandikishwa, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na wapo wasaidizi wa kisheria wanaotoa huduma bila malipo.

Mwalimu naye asionekane adui. Wengi wao hawakusomea elimu maalumu, wana madarasa makubwa na vifaa haba. Mzazi anayefika na daftari, maswali machache na ahadi ya robo saa kila jioni humpunguzia mwalimu huyo mzigo, na ndiye ambaye mtoto wake hukumbukwa vifaa vinapofika.

Walimu hupangiwa vituo vipya na maofisa hubadilishwa, lakini mtoto hubaki na mzazi wake. Nakala ya mpango, ikitunzwa nyumbani pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa, ndiyo itakayomweleza kila mwalimu mpya mtoto alikofikia, ili asianzishwe upya kila mwaka.